Uzi maalumu: Kadi na sloti za kompyuta kuanzia ISA hadi PCIe. Nini kinaingia wapi, nini kinaungua, na kwa nini

#1 FundiSolda

Wakuu, habari za wakati huu. Swali la "kadi hii itakubali kwenye bodi ile?" linajirudia humu, na mara nyingi jibu huwa "kama inaingia, chomeka tu". Jibu hilo limeshaunguza bodi nyingi. Nafungua uzi huu tuyaweke mambo yote sehemu moja, kila mwenye uzoefu aongezee.

Kabla ya kuchomeka chochote jiulize mambo manne, kwa mpangilio huu. Umbo linakubali? Volti za ishara ni zile zile? Kadi na bodi zinatumia itifaki moja? BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) na mfumo endeshi vinaitambua kadi hiyo? Umbo ndilo jepesi kulijibu kwa macho, ndiyo maana wengi huishia hapo.

Tuanze na ISA, basi la kadi (njia ya pamoja ya data) la PC za mwanzo. IBM PC ya 1981 ilikuja na sloti 5 za biti 8, pini 62 kila moja, zikienda kwa mapigo ya 4.77 MHz. Mistari ya anwani ilikuwa 20, na hapo ndipo ulipotoka ule ukomo wa MB 1. Mwaka 1984 IBM PC/AT ikaongeza kipande cha pili cha pini 36 mbele ya kile cha zamani. Data ikawa biti 16, anwani mistari 24, yaani MB 16. Kipande cha zamani hakikuguswa, kwa hiyo kadi ya 1981 iliendelea kukaa na kufanya kazi kwenye mashine mpya. Uamuzi huo mmoja ndio uliofanya ISA iishi miaka mingi namna ile.

Isipokuwa kadi zenye "kidevu". Baadhi ya kadi za biti 8 zilikuwa na ubao ulioshuka chini mara tu baada ya pini, na kidevu hicho kinagonga kile kipande kipya. IBM walilijua hilo: kati ya sloti 8 za AT, 2 ziliachwa za biti 8 tupu. Ukikuta kadi haizami mpaka chini, usiikandamize. Angalia kidevu kwanza.

#2 Pini62

Mkuu FundiSolda, uzi mzuri. Naongeza tatizo la ISA linalowapoteza wengi wanaofufua mashine za zamani: kadi ya biti 8 na ya biti 16 kugombania eneo moja la kumbukumbu.

Kadi ya biti 16 huiambia bodi "mimi nasoma biti 16" kwa kuvuta mstari unaoitwa MEMCS16. Uamuzi huo inaufanya kwa kutazama mistari ya anwani LA17 hadi LA23 peke yake, na mistari hiyo haioni kipande kidogo kuliko KB 128. Sasa chukua kadi ya VGA ya biti 16 ambayo ROM yake (kumbukumbu ya kusomwa tu) iko anwani C0000. Ikivuta mstari huo, eneo lote la C0000 hadi DFFFF linahesabiwa ni la biti 16. Kama kuna kadi ya mtandao ya biti 8 yenye ROM pale D0000, bodi itaisoma kwa upana usio wake na kupata takataka. Kila kadi ukiijaribu peke yake ni nzima, ukiziweka pamoja mashine inaganda. Dawa ni kutafuta jampa (kiunganishi kidogo cha pini cha kuchagua mpangilio) ya VGA inayolazimisha ROM isomwe kwa biti 8. Kama haipo, izime ROM ya kadi ya mtandao, maana huihitaji isipokuwa unawasha mashine kupitia mtandao.

Na la IRQ (mstari ambao kadi huutumia kuiita prosesa): kwenye ISA kadi mbili hazishiriki IRQ moja kwa uhakika, kwa sababu kidhibiti kinasubiri ishara ipande kutoka chini kwenda juu, na kadi ya kwanza ikishaushika mstari juu, ya pili haisikiki. Andika kwenye karatasi kabla ya kuanza: 3 ni COM2, 4 ni COM1 (bandari za serial), 6 floppy, 7 LPT1 (printa), 14 na 15 ni IDE (diski). Kadi ya sauti kwa kawaida ni anwani 220, IRQ 5, DMA 1 (DMA ni njia ya kadi kufikia kumbukumbu bila kupitia prosesa). Kadi ya mtandao ipe 10 au 11.

#3 Kidagaa

Shukrani wakuu. Naomba kuuliza: kwenye vitabu naona MCA (basi la IBM lililofuata ISA) ilikuwa bora kuliko ISA kwa kila kipimo. Kwa nini basi haikushika?

#4 FundiSolda

Mkuu Kidagaa, ilikuwa bora kweli. Ilitoka na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987, biti 16 au 32, mapigo ya 10 MHz, IRQ zinashirikiwa, na jampa zikaondoka. Lakini haikupokea kadi hata moja ya ISA, na mtengenezaji mwingine aliyetaka kuitumia alitakiwa kulipa leseni kwa IBM. Mwenye ofisi yenye kadi kumi za ISA aliambiwa azitupe. Isitoshe, kila kadi ya MCA inahitaji faili lake la ADF (maelezo ya usanidi wa kadi) kwenye disketi ya usanidi. Leo ukipata kadi ya MCA bila faili hilo, ni nzima lakini hutaweza kuipangia anwani. Litafute faili kabla hujanunua kadi.

Kampuni 9 zikiongozwa na Compaq zikajibu mwaka 1988 kwa EISA: biti 32, 8.33 MHz, takriban MB 33 kwa sekunde. Kilichonivutia siku zote ni sloti yenyewe. Ina ghorofa mbili za pini. Kadi ya ISA inazuiwa na vigingi ndani ya sloti, inaishia ghorofa ya juu. Kadi ya EISA ina mikato inayopita kwenye vigingi hivyo mpaka ghorofa ya chini. Umbo lile lile, kina tofauti. Ilikuwa ghali, ikabaki zaidi kwenye seva.

VLB ya 1992, basi jingine la kadi, ilikuwa njia ya mkato. Kiunganishi cha ziada kiliwekwa mbele ya sloti ya ISA, na pini zake zikaunganishwa karibu moja kwa moja na prosesa ya 486. Kwa 33 MHz inafika MB 132 kwa sekunde, lakini kila kadi inakuwa mzigo juu ya prosesa. Kwa 33 MHz unaweza kuwa na kadi mpaka 3, kwa 40 MHz mbili, kwa 50 MHz moja, na hapo ukiwa na bahati. Mashine ya VLB inayoharibu data kwenye diski, angalia kwanza kasi ya basi na jampa ya kusubiri (wengi huiacha kwenye "chini ya au sawa na 33" hata wakiwa na prosesa ya DX-50). Pentium ilipokuja na basi la biti 64, VLB ikaishia hapo.

#5 BintiUmeme

Naomba nichukue PCI na AGP, sloti zilizofuata, kwa sababu hapa ndipo swali la volti linapoanza kuunguza vitu.

PCI ilitolewa na Intel mwaka 1992, na toleo 2.0 la 1993 ndilo lililoweka kiunganishi tunachokijua. Biti 32 kwa 33 MHz ni MB 133 kwa sekunde, kwa kadi zote pamoja. Kadi moja ya mtandao ya gigabiti inaweza kuhitaji MB 125 kwenda na MB 125 kurudi. Kwa hiyo ukiiweka kwenye PCI ya kawaida usilaumu kebo.

Ishara za PCI ni za volti 5 au 3.3. Shika kadi, bamba la chuma la nyuma likiwa kushoto kwako. Mkato ulio karibu na bamba unasema kadi inakubali 3.3. Mkato ulio mbali na bamba unasema inakubali 5. Kadi yenye mikato yote miwili inaingia kokote. Kwenye sloti kizuizi cha plastiki kimewekwa kufuata mantiki hiyo hiyo: kizuizi mbali na nyuma ya kasha ni sloti ya volti 5, na ndizo zilizojaa kwenye kompyuta za mezani. Kizuizi karibu na nyuma ni sloti ya 3.3, utaikuta kwenye seva. Kizuizi kikikataa kadi, usikikate kamwe. Kipo kulinda chipu.

Kadi ya biti 64 inakaa kwenye sloti ya biti 32, sehemu iliyozidi inaning'inia hewani. Ni halali kabisa, mradi mkato wa volti umekubali na hakuna kapasita au hitisinki nyuma ya sloti inayogusa pini zilizoning'inia. PCI-X (PCI ya seva yenye kasi zaidi) nayo inafuata hivyo hivyo, kadi inashuka mpaka kasi ya sloti. Kinachosahaulika ni kinyume chake: kadi moja ya 33 MHz kwenye kundi la sloti za kasi inalishusha kundi zima, kwa sababu pini B49 yake imeunganishwa na ardhi na bodi inaisoma hivyo.

#6 Kidagaa

Dada BintiUmeme, kadi ya USB 2.0 yenye mikato yote miwili, kwenye bodi ya Pentium ya zamani yenye PCI. Inaingia vizuri lakini BIOS haiioni kabisa. Hiyo ni nini?

#7 BintiUmeme

Mkuu, hiyo inajulikana. Mikato miwili inaeleza volti za *ishara*. Chakula cha chipu ni jambo jingine. Bodi nyingi za PCI za mwanzo ziliacha pini za 3.3 za sloti bila umeme, kwa sababu pawa saplai za AT za wakati ule hazikuwa na 3.3 kabisa. Kadi mpya zaidi inategemea pini hizo kulisha chipu yake.

Pima: kadi ikiwa nje, mashine imewashwa, mita kwenye DC, waya mweusi kwenye chuma cha kasha, mwekundu kwenye pini A21 ya sloti. Ukisoma 0, au volti inayoelea, umepata jibu. Angalia usiunganishe pini mbili kwa ncha ya mita. Suluhisho ni kadi yenye regyuleta yake ya kushusha 5 kuwa 3.3. Ni kile kipande kidogo cha miguu mitatu, mara nyingi karibu na ukingo, kimeandikwa 1117 au 1117-33.

Sasa AGP, na hapa naomba msome taratibu. AGP ilikuja 1997 kwa ajili ya kadi ya grafiki peke yake. 66 MHz, 1x ni MB 266 kwa sekunde, mpaka 8x ambayo ni takriban MB 2133. AGP 1.0 ishara zake ni volti 3.3. AGP 2.0 ikaleta 1.5. AGP 3.0 ya 2002 ikashuka mpaka 0.8. Mkato wa 3.3 kwenye kadi uko karibu na bamba, wa 1.5 uko mbali.

Tatizo ni kwamba zilitengenezwa kadi zenye mikato yote miwili ambazo ndani ni za 3.3 peke yake. Chipseti (chipu kuu za bodi) kama Intel 845 na 850 zinakubali 1.5 tu. Kadi ya namna hiyo inazama bila kizuizi chochote, unawasha, na chipseti inakufa. Umbo limesema ndiyo, volti imesema hapana. Kwa AGP usiamini mkato peke yake: soma jina la chipu ya kadi, tafuta karatasi yake ya kiufundi, hakikisha inataja 4x, kasi iliyokuja na volti 1.5. Kadi iliyoishia 2x ichukulie ni ya 3.3 mpaka uthibitishe vinginevyo.

#8 Leni16

PCIe nakuja nayo mimi. Kwa umbo na umeme haina undugu wowote na PCI, lakini kwa programu ni mtoto wake halisi: mfumo endeshi uliojua kusoma vitambulisho vya PCI uliweza kuiona kadi ya PCIe bila kubadilishwa. Nafasi ya usanidi ilikuzwa kutoka baiti 256 hadi 4096, na zile 256 za mwanzo zikabaki kama zilivyo.

Badala ya waya za pamoja, kila sloti ina leni zake, yaani njia za data zisizoshirikiwa (x4 ni leni 4, x16 ni leni 16). Kwa leni moja, kila upande:

1.0 (2003): MB 250 kwa sekunde
2.0 (2007): MB 500
3.0 (2010): karibu MB 985
4.0 (2017): karibu GB 1.97
5.0 (2019): karibu GB 3.94

6.0 ilichapishwa 2022 kwa 64 GT/s (uhamisho bilioni 64 kwa sekunde kwa kila leni), na 7.0 mwaka 2025 kwa 128 GT/s.

Kadi na bodi zikikutana zinapatana kwanza: leni ngapi tunazo wote wawili, kasi gani tunaiweza wote wawili. Kadi ya 4.0 kwenye bodi ya 2.0 inafanya kazi kwa 2.0. Kadi ya x4 kwenye sloti ya x16 inafanya kazi kwa x4. Kwa kweli huu ndio upatanifu bora kuliko wote uliowahi kutengenezwa kwenye PC.

Kinachoumiza ni hesabu. Mfano RX 6500 XT ina umbo la x16 lakini leni zake ni 4 tu za 4.0. Kwenye bodi ya 3.0 njia yake inabaki karibu GB 3.9, na kwa kuwa ina GB 4 za kumbukumbu, zikijaa inalazimika kupita kwenye njia hiyo finyu. Mchezo unakatakata. Vivyo hivyo kadi ya USB 3.0 ya x1: kwenye 2.0 inapata MB 500, kwenye 1.0 inapata nusu.

Na sloti ndefu si lazima iwe na leni 16. Tazama ndani kwa tochi: sloti ya x16 yenye leni 4 mara nyingi ina pini za chuma sehemu ya mwanzo tu, chini ya nusu. Au uliza Linux:

`sudo lspci -vv -s 01:00.0 | grep -E "LnkCap|LnkSta"`

LnkCap ni uwezo wa kadi, LnkSta ni hali ilivyo sasa. Ukiona LnkSta ina x8 wakati LnkCap ina x16, ama bodi imegawa leni na sloti nyingine, ama pini zina uchafu. Zima, chomoa waya wa umeme, safisha pini kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha. Kasi ikiwa ndogo pekee, ipe kadi kazi kwanza ndipo usome tena, maana kadi za grafiki hushusha kasi zikipumzika.

#9 Mtumba_HQ

Wakuu, kadi ya RAID (ya kuunganisha diski nyingi) iliyotolewa kwenye seva, ya x8, inachomekwa kwenye sloti ya x16 ya kompyuta ya mezani. Kompyuta haiwaki picha kabisa. Ukiitoa inawaka. Kadi ni nzima.

#10 Leni16

Mkuu, ni pini za SMBus (mistari midogo ya usimamizi), hali inayojulikana sana kwenye kadi za familia ya PERC (RAID za Dell) zikiwekwa kwenye bodi za kawaida. Kadi ya seva inaongea kwenye mistari ile ile ambayo bodi inaitumia kusoma RAM wakati wa kuwaka, vinagongana, bodi inadhani haina RAM.

Fanya hivi. Geuza kadi upande wenye chipu, huo ni upande B. Hesabu pini kuanzia kwenye bamba: 1, 2 na 3 ni volti 12, 4 ni ardhi, 5 na 6 ndizo SMBus. Kabla ya ule mkato kuna pini 11, kwa hiyo ukifika kwenye mkato na hesabu yako si 11, rudia. Pini zinapishana milimita 1, hivyo kata tepu ya Kapton (tepu ya plastiki inayostahimili joto) upana wa milimita 2, funika ya 5 na ya 6 kwa upande huo mmoja tu, ikunje kidogo juu ya ukingo ili isivuliwe na sloti. Chomeka wima, usiyumbishe. Tepu ya karatasi haifai. Utakachopoteza ni usimamizi wa joto kupitia bodi, diski hazitaathirika. Na weka feni, kadi hizi zilitegemea upepo wa seva.

#11 FundiSolda

Nimeona pia watu wanatumia zile risa (vipanuzi vya sloti) za kebo ya USB kuweka kadi ya grafiki kwenye x1. Sloti ya x16 inaruhusiwa kutoa wati 75, ambapo 66 ni za mstari wa volti 12. Kiunganishi cha umeme cha SATA kina pini 3 za volti 12, ampia 1.5 kila moja, jumla wati 54. Risa yenye umeme wa SATA ikibeba kadi inayovuta wati 66 kwenye sloti, plastiki inayeyuka, na moto huanzia hapo. Tumia risa yenye kiunganishi cha pini 6, moja kwa moja kutoka pawa saplai.

#12 Bahati_M2

Na NVMe (diski za SSD zinazopita PCIe) kwenye bodi za zamani? Adapta ya x4 inaingia, Windows inaiona, lakini kuwasha kutoka humo inagoma.

#13 BintiUmeme

Hilo ni swali la nne la mleta uzi: BIOS. Diski ya NVMe inahitaji draiva ndani ya UEFI (BIOS ya kisasa). Bodi za Intel kuanzia chipseti za mfululizo wa 9, kama Z97 ya 2014, kwa kawaida wanayo. Zilizotangulia nyingi hazina. Njia rahisi ni kuweka kiwashio cha Clover chenye draiva ya NVMe kwenye fleshi ndogo, bodi iwake kutoka kwenye fleshi kisha ikabidhi kwa NVMe. Fleshi hiyo inabaki imechomekwa daima.

Windows 7 haina draiva ya NVMe ndani yake, inahitaji sasisho KB2990941. Windows 8.1 kwenda juu wanayo.

Kabla ya yote angalia kipande chenyewe. M.2 ni umbo, ndani inaweza kuwa SATA au NVMe. Chenye mikato miwili (B na M) mara nyingi ni SATA, na adapta ya PCIe ya kawaida haitakiona kamwe. Adapta ya diski 4 kwenye x16 nayo inahitaji bodi inayoweza kugawa leni 4+4+4+4 kwenye BIOS, la sivyo utaona diski ya kwanza tu. Kama BIOS haina chaguo hilo, nunua adapta yenye chipu ya swichi, ni ghali zaidi lakini inafanya kazi kokote.

Wi-Fi vilevile: kadi ya Intel AX201 inaingia kwenye sloti ya M.2 ya ufunguo E lakini inahitaji CNVi (sehemu ya Wi-Fi iliyojengwa ndani) ya prosesa za Intel. Kwenye AMD au Intel ya zamani chukua AX200 au AX210.

#14 Karakana255

Swali la mwisho kwangu. Mashine ya kukata chuma inaendeshwa na kadi ya PCI, nyingine na kadi ya ISA. Bodi zimekufa. Kuna njia ya kutumia bodi mpya yenye PCIe tu?

#15 Leni16

PCI ndiyo, kwa adapta yenye chipu ya daraja kama ASM1083 au PEX 8112. Mambo mawili yachunguzwe. Sloti ya PCIe inatoa volti 12 na 3.3 tu, haina 5 wala hasi 12. Volti 5 adapta huichukua kwenye kiunganishi cha Molex cha pawa saplai, hasi 12 mara nyingi haipo kabisa. Pima au fuatilia pini B1 ya kadi yako: kama njia yake inakwenda kwenye chipu za analojia au za mawasiliano ya serial, adapta ya kawaida haitatosha. Pili, programu ya DOS inayotarajia anwani maalumu kama 3F8 haitaikuta kadi nyuma ya daraja.

#16 Pini62

Kwa ISA, achana na adapta za USB, muda wake wa kuitikia haufai kuendesha mota. Tafuta bodi ya viwandani yenye sloti halisi za ISA, au mfumo wa PICMG 1.0 ambapo kompyuta nzima ni kadi moja inayochomekwa kwenye ubao wa nyuma wenye ISA na PCI pamoja. Kabla ya kununua muulize muuzaji kwa maandishi mambo matatu: ISA yake inatoa DMA? IRQ ngapi zimefika kwenye sloti? Mapigo yake ni 8 MHz au yanabadilishwa? Na kabla ya kuitoa kadi kwenye mashine iliyokufa, piga picha jampa zote, pande zote mbili. Mpangilio huo haupo popote pengine.